Bunduki ya kulinda shamba: iandikishwe ao hapana?

Ndugu wanamemba, mpunga ukianza kukomaa, Kasongo ao Kabambare, tunaulizwa lile lile: nyani na nguruwe pori wanamaliza mavuno, nikiwafukuza na bunduki ya kuwinda, ile kalibri 12, niko na kosa?

Ndiyo, kama haina karatasi. Sheria ni mbili: ya tarehe 28/5/1982 juu ya uwindaji inaomba permi ya kuwinda, ya 3/9/1985 juu ya silaha na risasi inaomba ruhusa ya kushika bunduki yenyewe. Moja haichukui nafasi ya ingine.

Wengine wanasema: "Sisi ni wakulima, si Mai-Mai." Kweli. Lakini askari akikukuta njiani usiku, ataona bunduki mbele ya jembe. Karatasi ndiyo itakutetea. Na bunduki iliyoandikishwa, ikiibiwa ao ikiumiza mtu, mwenyewe anajulikana.

Ofisi iko mbali, pesa pia ni shida, tunajua. Kwa hiyo koperative itume wajumbe kwanza, bila bunduki, waulize masharti kwenye teritwari. Kila malipo, mudai risiti. Bunduki ya fundi wa kijiji muiulizie kipekee: haina namba, na bomba lake linaweza kupasuka mikononi.

Lakini bunduki moja hailindi mashamba yote. Pandeni karibu-karibu na kwa wakati mmoja, fyekeni pembeni ya pori, mugawane zamu za kulinda. Hiyo haiombi permi.