Uzi Upi kwa Pateni Ipi

Nguo iliyofumwa kwa sindano mbili ni uzi mmoja uliopindwa kuwa maelfu ya vitanzi, kila kitanzi kikiwa kimepenya ndani ya kile cha chini yake. Haina mtande wala mshindio kama kitenge au shuka. Ndiyo maana sweta linavutika likapita kichwani ilhali kitenge hakivutiki, hata kama pamba ya vyote viwili ilivunwa shamba moja. Sweta linapovutwa, uzi wenyewe haurefuki sana. Vitanzi ndivyo vinavyobadili umbo, na uzi huhama kidogo kutoka kitanzi kimoja kwenda cha jirani.

Jambo hili limewavutia wanafizikia. Mwaka 2018 Samuel Poincloux, Mokhtar Adda-Bedia na Frédéric Lechenault wa Ufaransa walichapisha kwenye jarida la Physical Review X kielelezo cha hesabu kinachoeleza namna kitambaa cha kufuma kinavyovutika, kwa kuuchukulia uzi kuwa kitu kisichorefuka bali kinachopinga kupindwa. Huko Marekani, kundi la Elisabetta Matsumoto wa chuo cha Georgia Tech lilionyesha mwaka 2024 kwamba uzi uleule ukifumwa kwa mitindo tofauti hutoa vitambaa vyenye ugumu tofauti kabisa. Kwa mfumaji wa nyumbani, maana yake ni hii: kuvutika kunatoka kwenye pateni, lakini kurudi baada ya kuvutwa kunategemea sana uzi. Miradi mingi inayoishia chini ya kitanda ikiwa nusu, imeharibika kwa sababu pateni ilidai kitu ambacho uzi haukuwa nacho, na mfumaji akajilaumu bure kwamba mkono wake ni mbaya.

Sufu ndiyo inayorudi kuliko nyuzi zote za kawaida. Unywele wa kondoo umejengwa kwa keratini, protini ileile ya nywele na kucha za binadamu, na una mawimbi ya asili yanayoufanya ujikunje kila unapoachiwa. Unaweza kurefuka kwa karibu asilimia 30 kabla ya kukatika, na ukivutwa kidogo tu hurudi ulikotoka. Vilevile hunywa unyevu wa hewani hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake bila mvaaji kuhisi majimaji, na wakati wa kuunywa hutoa joto kidogo. Anayeamka na ukungu wa Limuru au Makete analijua joto hilo hata kama hajawahi kuelezwa linatoka wapi.

Nje ya unywele huo kuna magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea upande mmoja. Sufu ikitiwa katika maji ya moto yenye sabuni na kusuguliwa, magamba hayo hukamatana na hayaachiani tena: sweta la mtu mzima hutoka kwenye beseni likiwa la mtoto, nene na gumu. Viwanda huzuia hilo kwa kuyala magamba kwa klorini na kuupaka unywele polima nyembamba. Sufu ya namna hiyo hufuliwa kwa mashine bila kusinyaa, lakini huwa inateleza, na nguo yake hutanuka ikishalowa. Pateni iliyoandikwa kwa sufu ya kawaida ikifumwa kwa sufu hii bila majaribio, mikono ya sweta hufika kwenye vidole.

Kuwasha ni suala la unene. Ncha ya unywele wenye unene unaozidi mikroni 30 hivi haipindi inapogusa ngozi, bali huichoma na kuamsha neva. Sufu ya merino laini iko kati ya mikroni 15 na 20, kwa hiyo ncha zake hupinda. Wengi wanaosema wana mzio wa sufu wamewahi tu kuvaa sufu nene. Kwa kofia ya mtoto au skafu ya shingoni, uzi hujaribiwa kwa kuupitisha chini ya kidevu, mahali ambapo ngozi hutoa jibu haraka kuliko vidole.

Mfano mzuri wa uzi na pateni zilizokua pamoja unapatikana katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland. Kondoo wa huko wana sufu nyepesi yenye nywele zinazoshikana, na wafumaji wakazoea mtindo wa rangi mbili katika kila safu, rangi isiyotumika ikipita nyuma ya kazi. Sweta hufumwa kwa mduara likiwa gunia lililozibwa mbele na kwenye mabega, kisha mfumaji anachukua mkasi na kulikata kifuani kutoka chini hadi shingoni. Asiyewahi kuona hufumba macho. Vitanzi havifumuki, kwa kuwa kila unywele umemkamata mwenzake, na kingo hukunjwa na kushonewa vifungo. Mkasi huohuo ukipitishwa kwenye sweta la pamba nyororo bila kingo kuimarishwa kwanza kwa mshono, vitanzi huanza kukimbia mara moja.

Pamba ina tabia nyingine. Ni selulosi, haina magamba wala mawimbi, na ikishavutwa hubaki ilipovutwa. Ni nzito pia: sentimita moja ya ujazo wa pamba ina takriban gramu 1.5, ya sufu gramu 1.3, ya akriliki chini ya gramu 1.2. Sweta zima la pamba hujivuta kwa uzito wake mwenyewe, na likilowa ni zaidi. Hata hivyo si kweli kwamba pamba haifai kufumwa. Kati ya kazi kongwe zaidi za ufumaji wa vitanzi zilizobaki duniani ni soksi za pamba za bluu na nyeupe kutoka Misri ya karne za kwanza za milenia iliyopita, baadhi zikiwa na maandishi ya Kiarabu ndani ya pateni. Pamba hupenda vitu visivyobeba uzito: blauzi fupi ya joto la Mombasa au Dar es Salaam, kitambaa cha meza, kishikio cha sufuria, mfuko wa sokoni. Uzi wake haubani vidole na kila kitanzi huonekana wazi.

Akriliki ndiyo inayojaa madukani Afrika Mashariki. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuitengeneza kibiashara kwa jina la Orlon mwaka 1950, na tangu hapo imekuwa uzi wa wengi: ni nyepesi, ina bei nafuu, rangi zake hazitoki, na haichagui sabuni. Haimwondolei mvaaji jasho, kwa sababu hunywa unyevu kidogo mno. Adui yake ni pasi. Joto huilegeza polima na mawimbi yaliyotiwa kiwandani huisha. Fumo lililokuwa limejaa hulala kama kitambaa kilichochoka, wala halirudi. Kishikio cha sufuria kisifumwe kwa akriliki hata siku moja, maana juu ya moto huyeyuka na kunata mkononi.

Nyingine zinatajwa kwa ufupi. Alpaka wa milima ya Andes ana manyoya laini yenye joto lakini mawimbi machache, hivyo hufaa shali inayoning'inia kuliko sweta la kubana. Mohairi, manyoya ya mbuzi wa Angora wanaofugwa kwa wingi Afrika Kusini na Lesotho, hushikana kiasi kwamba kufumua kosa ni adhabu. Hariri ina nguvu na mng'ao, lakini haina kurudi.

Sokoni mara nyingi uzi huuzwa bila lebo, na muuzaji huita kila kitu sufu. Jaribio la moto hutoa ukweli. Kipande cha uzi cha urefu wa kidole hushikwa kwa koleo juu ya bakuli la maji na kuwashwa ncha. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima ikiondolewa motoni na kuacha jivu jeusi linalosagika. Pamba huwaka haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha tone gumu lisilosagika kwa vidole. Uzi wa mchanganyiko huacha dalili mbili kwa pamoja.

Baada ya malighafi ni msokoto. Uzi wa kambi moja, yaani usiounganishwa na mwingine, uliosokotwa kwa ulegevu ni laini na unapendeza dukani, lakini nywele zake hutoka na kufanya vidonge vidogo chini ya kwapa, na fumo lake bapa linaweza kwenda upogo kwa kuwa msokoto haujasawazishwa. Kambi tatu au nne zikisokotwa pamoja kinyume cha msokoto wa kwanza, misokoto hiyo hupingana na uzi hutulia, ukiwa wa duara na imara. Uzi wa duara ndio unaoinua mapambo. Visokoto vinavyopishana kama kamba kifuani mwa sweta huonekana vizuri kwenye uzi huo na hupotea kwenye mohairi.

Pateni nazo zina tabia zake. Fumo la kawaida, lenye vitanzi vya mbele upande mmoja na vya nyuma upande mwingine, hujikunja: kingo za pembeni huelekea nyuma, za juu na chini huelekea mbele. Sababu ni kwamba kila kitanzi kinajaribu kunyooka, na vyote vimepindwa kwa namna moja. Kupiga pasi hakuondoi hali hiyo kwa muda mrefu. Vitanzi vya mbele na nyuma vikichanganywa kwa usawa, nguvu hizo hukomeshana na kitambaa hulala. Skafu ya fumo la kawaida tupu basi ni uamuzi mbaya: hata iwe na uzi mzuri kiasi gani, itakuwa bomba. Ile mifereji ya kiunoni na kwenye vikono hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: mistari ya vitanzi vya nyuma hujificha kati ya mistari ya mbele, upana hupungua, na kitambaa kikivutwa kinakuwa na akiba ya kutoa. Hapa ndipo sufu inapoishinda pamba waziwazi.

Pateni za matundu hutoka kwenye sindano zikiwa zimejikunyata. Kazi ya sufu hulowekwa, hukamuliwa bila kusokotwa, hutandazwa na kubanwa kwa pini hadi ikauke. Maji huvunja viungo vya haidrojeni ndani ya keratini, na vinapojifunga upya wakati wa kukauka hushika umbo jipya, hadi nguo itakapofuliwa tena. Akriliki haiitiki maji. Huitika mvuke, na kilichofanywa na mvuke hakifutiki, kwa hiyo pateni za matundu katika akriliki zinahitaji mkono mwepesi.

Uzi wa rangi mchanganyiko na pateni tata huuana. Jicho linaona rangi tu, na saa nyingi za visokoto hazionekani. Uzi huo unatosheka na fumo la kawaida. Uzi mweusi au wa bluu nzito huficha vitanzi usiku, hasa chini ya taa hafifu, na si wa mwanagenzi. Kuhusu mwanagenzi, desturi ya kumwanzishia skafu ya mita mbili kwa uzi mwembamba haina faida. Wengi huacha kabla ya nusu. Kofia ya mtoto kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4 huisha baada ya jioni chache, na inafundisha mifereji, mduara na kupunguza vitanzi kwa mara moja. Kwa wazoefu, pateni inayoburudisha ni ile yenye mzunguko mfupi unaokaririka, wa vitanzi 6 au 8, ambao baada ya safu kadhaa mkono huukumbuka na mazungumzo yanaweza kuendelea.

Vipimo ndivyo vinavyoamua kama nguo itavaliwa. Pateni ikitaja vitanzi 22 kwa sentimita 10, sweta la mzingo wa sentimita 100 linahitaji vitanzi 220. Mfumaji mwenye mkono mlegevu akipata vitanzi 20 kwa sentimita hizohizo, vitanzi 220 vilevile vinampa sentimita 110. Akibana na kupata 24, anapata chini ya sentimita 92. Tofauti ya vitanzi viwili haionekani kwa macho. Kwa hiyo hufumwa kwanza kipande cha sentimita 15 hivi kila upande, kikafuliwa na kukaushwa kama nguo itakavyofuliwa, ndipo sentimita 10 za katikati zikapimwa. Vitanzi vikizidi, hutumika sindano nene zaidi. Vikipungua, nyembamba zaidi. Kipande kisichofuliwa hudanganya, hasa kwa pamba, alpaka na sufu iliyotibiwa.

Mwisho ni kununua. Kiasi cha uzi huhesabiwa kwa mita, kwa sababu gramu hazilingani kati ya nyuzi. Pateni inayohitaji mita 1,200 huchukua mabonge 10 ya sufu yenye mita 120 kwa gramu 50. Kwa pamba yenye mita 100 kwa gramu 50 inahitaji mabonge 12, na sweta litakuwa na gramu 600 badala ya 500. Mabonge yote yawe na namba moja ya rangi, ile iliyochapwa kwenye lebo karibu na jina la rangi, kwani pipa moja la rangi halifanani kabisa na linalofuata, na tofauti isiyoonekana kaunta huonekana ikiwa mstari katikati ya mgongo. Bonge moja la ziada huongezwa juu ya hesabu. Namba zisipolingana, au lebo zikikosekana, mabonge mawili hufumwa kwa kupokezana, safu mbili kwa kila moja, na mpaka wa rangi hutawanyika.