Ukungu wa Arkley: Fizikia ya Kutua Usiku

Jumamosi tarehe 29 Novemba, 1975, ndege ndogo yenye injini mbili, aina ya Piper Aztec, iliondoka kusini mwa Ufaransa ikielekea Elstree, kiwanja kidogo cha ndege kilichoko kaskazini ya London. Rubani wake alikuwa Graham Hill, Mwingereza mwenye umri wa miaka 46, bingwa wa dunia wa mashindano ya magari wa miaka ya 1962 na 1968. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameacha kuendesha magari ya mashindano ili aiongoze timu yake mwenyewe. Abiria wake walikuwa watano, wote watu wa timu hiyo: meneja, msanifu wa magari, mafundi wawili, na Tony Brise, dereva kijana wa miaka 23 ambaye wengi walimtazamia kuwa bingwa wa siku zijazo. Walikuwa wametoka kulijaribu gari jipya katika barabara ya mashindano ya Paul Ricard. Usiku huo ukungu mzito ulikuwa umetanda juu ya vitongoji vya kaskazini ya London. Ndege ikiwa katika hatua za mwisho za safari iligonga miti kwenye uwanja wa gofu wa Arkley, ikaanguka na kuwaka moto. Hakunusurika hata mtu mmoja.

Arkley iko umbali wa takriban kilomita 6 kutoka Elstree. Hill hakuwa mgeni wa njia hiyo. Alikuwa akirusha ndege kwa miaka mingi, na nyumba yake haikuwa mbali na kiwanja hicho. Basi yafaa kuuliza: ni mambo gani ya maumbile yanayoweza kumfanya mtu wa namna hiyo aiteremshe ndege yake hadi kwenye miti, kilomita 6 kabla ya kufika?

Hebu tuanze na ukungu wenyewe. Usiku usio na mawingu wala upepo mwingi, ardhi hupoteza joto lake kwa njia ya mnururisho, na hewa iliyogusana nayo hupoa pia. Kila halijoto ina kiasi chake cha juu cha mvuke wa maji ambacho hewa yaweza kubeba. Hewa ikipoa kupita kiwango hicho, mvuke unaozidi hugeuka matone madogo sana, ambayo kipenyo chake kwa kawaida ni sehemu chache tu za elfu za sentimita. Ndiyo asili ya ukungu wa nchi kavu, na watu wa Lushoto, Njombe au Limuru hawahitaji kuelezwa jinsi unavyofanana. Kwa mujibu wa wataalamu wa hali ya hewa, huitwa ukungu pale tu mtu asipoweza kuona zaidi ya mita 1,000.

Mara nyingi tabaka la ukungu wa aina hii si nene. Hapo ndipo penye mtego. Tuseme ukungu una unene wa mita 50. Rubani anayepita juu ya kiwanja na kutazama chini wima, mwanga unaomfikia umepenya mita 50 tu za ukungu, naye huziona taa za kiwanja waziwazi. Atadhani kutua kutakuwa rahisi. Lakini ndege haitui kwa kushuka wima. Hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3 hivi kutoka kwenye mlalo, na mwanafunzi aliyekwisha kusoma trigonometria aweza kupiga hesabu mwenyewe: mita 50 ukizigawa kwa saini ya nyuzi 3 hupata takriban mita 955. Ukungu uleule uliokuwa kama kitambaa chepesi sasa ni ukuta wa karibu kilomita nzima. Akiwasha taa kali za kutulia, matone huutawanya mwanga na kuurudisha machoni mwake, hata asione ila weupe.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Ndege inayofuata mteremko wa nyuzi 3, ikiwa umbali wa kilomita 6 kutoka mwanzo wa njia ya kutulia, hupaswa kuwa juu ya kiwanja kwa kimo cha mita 6,000 mara tanjenti ya nyuzi 3, yaani karibu mita 314, au futi zaidi ya 1,000. Viwanja vingine huruhusu rubani ashuke mapema zaidi hadi kimo maalumu cha chini na kubaki hapo mpaka azione taa. Lakini hata kimo hicho hupangwa kwa kuacha nafasi juu ya miti na vilima vyote vya njiani. Wala nchi ya Arkley si tambarare sawa na Elstree, kwani imeinuka kuliko kiwanja.

Rubani hujuaje kimo chake asipoiona ardhi? Hukisoma kwenye altimita, chombo ambacho kwa hakika hakipimi kimo hata kidogo. Altimita ni barometa. Ndani yake mna vikopo vya bati jembamba vilivyotolewa hewa. Kanieneo ya hewa ya nje ikipungua, vikopo hutanuka na kuzungusha mishale. Karibu na usawa wa bahari, kanieneo hupungua kwa hektopaskali 1 (ambayo zamani iliitwa milibari) kwa kila mita 8 hivi za kupanda, yaani futi 27. Lakini kanieneo hubadilika pia pamoja na hali ya hewa, ijapokuwa kimo ni kilekile. Kwa hiyo rubani hana budi kuitega upya altimita yake kwa kanieneo ya mahali anapotua, kama anavyoambiwa kwa redio. Akikosea kwa hektopaskali 10 tu, chombo kitasema uongo wa zaidi ya mita 80. Na ikiwa kanieneo halisi ni ndogo kuliko ile aliyoitega, uongo huo ni wa upande mbaya: ndege itakuwa chini kuliko mishale inavyodai.

Zaidi ya hayo, altimita nyingi za siku zile zilikuwa na mishale mitatu juu ya uso mmoja kama wa saa: mmoja wa mamia ya futi, mwingine wa maelfu, na wa tatu wa makumi ya maelfu. Mtu aliyechoka, usiku, akitazama kwa nukta moja huku akizungumza kwa redio, aweza kuusoma mshale usio wake. Kosa hilo limewapata hata marubani wa ndege kubwa. Altimita, tena, haijui lolote juu ya kilima kilicho mbele. Husema ndege iko juu kiasi gani kuliko kiwanja au bahari, wala haisemi iko juu kiasi gani kuliko mti ulio chini yake.

Yaliyoelezwa mpaka hapa ni ya hewa na ya vyombo. Kuna jambo jingine lililomo ndani ya kichwa cha rubani. Katika sikio la ndani la binadamu mna mirija mitatu ya nusu duara, imejaa ugiligili. Kichwa kikianza kuzunguka, ugiligili hubaki nyuma kwa sababu ya inesha, vinyweleo vidogo hupindwa, na ubongo hupata habari kwamba mwili unazunguka. Lakini mzunguko ukiendelea kwa mwendo usiobadilika, baada ya sekunde 20 hivi ugiligili huwa umekwisha kushika mwendo uleule, vinyweleo husimama wima, na ubongo huamini kwamba mwili umetulia. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani kwa kiti cha ofisini kinachozunguka, au hata kwa bembea ya kamba iliyosokotwa: mwanafunzi afungwe macho, azungushwe polepole, kisha asimamishwe. Ataapa kwamba sasa anazunguka kuelekea upande wa pili. (Awepo mtu wa kumshika.)

Ndege ikianza kuinama upande mmoja taratibu sana, sikio halisikii kabisa. Tena ndege inayozunguka vizuri huwasukuma watu wake moja kwa moja kuelekea sakafuni, hata timazi iliyotundikwa ndani haiwezi kufichua kwamba mabawa yameinama. Mchana, jicho hurekebisha makosa haya kwa kutazama upeo. Ndani ya ukungu upeo haupo. Mwaka 1954 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambapo watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vyombo waliwekwa katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege, na wastani wa muda waliochukua kabla ya kushindwa ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu.

Ndivyo alivyokufa John F. Kennedy mdogo, mtoto wa Rais wa zamani wa Marekani, pamoja na mkewe na shemeji yake, usiku wa tarehe 16 Julai, 1999, akiteremka juu ya bahari kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard katika hewa yenye utusitusi. Wachunguzi walisema kwamba alishindwa kuitawala ndege, akiwa amepotewa na hisia za wima na mlalo. Yeye hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo.

Ajali ya Arkley haifanani na hiyo kwa kila hali, na si vema kuzichanganya. Hill alikuwa amepata kuwa na vibali vya kuruka kwa vyombo. Ndege yake iligonga miti katika eneo la njia ya kuelekea kiwanja, ikiwa imeshuka mno. Wachunguzi wa ajali wa Serikali ya Uingereza hawakuweza kukata shauri kwa yakini juu ya chanzo. Waliona tu kwamba lililo karibu zaidi na ukweli ni kosa la rubani. Je, aliikosea altimita? Aliona taa fulani kwa nukta moja akadhani ni za Elstree? Waliokuwa na jibu walikufa wote, na ndege ndogo kama ile haikubeba mtambo wa kunasa sauti na mwenendo wa safari.

Waliyoyagundua kwa hakika yalihusu karatasi. Ndege ilikuwa imeondolewa katika orodha ya ndege za Marekani ilimoandikishwa zamani, wala haikuandikishwa mahali pengine, ingawa ilikuwa bado imechorwa namba zake za zamani. Leseni ya Kimarekani ya Hill ilikuwa imekwisha muda, vivyo hivyo kibali chake cha kuruka kwa vyombo, na kile cha Kiingereza ambacho kingemruhusu kuruka katika hali ya hewa ya usiku ule. Kwa sababu hiyo bima haikuwa na nguvu. Familia za waliokufa zilidai fidia kutoka katika mali aliyoiacha, na mjane wake akajikuta katika dhiki. Damon, mtoto wake wa kiume, alikuwa na umri wa miaka 15; naye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa magari mwaka 1996.

Yawezekana mtu akasema kwamba karatasi haigongi mti. Ni kweli, na mtu hapotezi ustadi wake siku ile leseni inapokwisha. Lakini kibali cha kuruka kwa vyombo hufanywa kiwe cha muda kwa sababu ustadi huu hasa huchakaa upesi usipotumiwa. Kuliamini sikio ni jambo la kuzaliwa nalo. Kuviamini vyombo hufundishwa, na kila baada ya muda mtahini hukaa kando ya rubani, humfunika asione nje, na kutazama kama bado anaviamini.

Viwanja vikubwa vina msaada ambao Elstree haikuwa nao. Kwenye mwisho wa njia ya kutulia hutegwa mitambo irushayo miale miwili ya redio, mmoja ukiegemea kushoto ukiwa na mrindimo wa hezi 90, mwingine kulia wenye hezi 150. Redio ya ndege hulinganisha nguvu za miale hiyo. Zikiwa sawa, ndege iko katikati. Miale mingine miwili, mmoja juu na mmoja chini, huonyesha mteremko wa nyuzi 3 kwa namna ileile. Rubani huifuata mishale ya chombo hadi futi 200 juu ya ardhi. Hapo, asipoziona taa, sheria humtaka apande mara moja, ama ajaribu tena, ama aende kiwanja kingine. Luton, kiwanja kikubwa zaidi, iko kilomita 25 hivi kutoka Elstree, mwendo wa dakika chache kwa ndege.

Mwaka 1974 Marekani iliamuru ndege zake kubwa za abiria zifungwe mtambo wa kuonya ardhi inapokaribia, ambao ulikuzwa hasa na mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada. Mtambo huo hutuma mawimbi ya redio wima hadi chini na kupima muda yanaochukua kurudi, hivyo hupima kimo halisi juu ya ardhi, jambo lisilowezekana kwa barometa. Tangu miaka ya 1990 mitambo ya aina hii hubeba pia ramani ya vilima vya dunia na kuilinganisha na mahali ndege ilipo kwa msaada wa satelaiti, na siku hizi hata ndege ya watu sita yaweza kufungwa iliyo midogo na ya bei nafuu zaidi. Ardhi ikikaribia isivyotazamiwa, sauti humwamrisha rubani apande. Katika Aztec iliyokuwa ikishuka juu ya Arkley hapakuwa na sauti ya namna hiyo. Palikuwa na mishale ya altimita, na nje ya kioo weupe.