Je, wajua Kisangani huona galaksi za pande zote mbili za anga?

Mkaazi wa Brussels huiona galaksi ya Andromeda bila shida, lakini Mawingu ya Magellan hayamchomozei hata siku moja maishani. Wa Cape Town ana Mawingu hayo tele, ila Andromeda kwake huinuka kidogo tu upande wa kaskazini kisha ikatua. Kisangani haina upungufu huo. Mji uko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Maporomoko saba ya Boyoma huanzia Ubundu, kusini mwa mstari huo, na lile la mwisho, la Wagenya, liko mjini penyewe, kaskazini mwake. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, Andromeda iko kaskazini-magharibi, na Mawingu mawili ya Magellan yako kusini, saa ileile.

Hayo mawingu si ya mvua. Ni galaksi ndogo, jirani za Njia Nyeupe yetu: kubwa iko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, ndogo kama 200,000. Kwa Kisangani hayapandi zaidi ya digrii 20 au 21 juu ya upeo, na hapo ndipo miti inapoharibu mambo, maana ukiwa ndani ya parseli yenye miembe na michikichi, upande wa kusini wote umezibwa. Dawa yake ni mto. Ukisimama ukingo wa kulia na kuutazama mto Kongo kuelekea Lubunga, ng'ambo ya kusini, una uwazi mpana ambao msitu hautoi mahali pengine. Usiku ambao umeme umekatika, hata macho matupu yanatosha.

Andromeda iko mbali zaidi, miaka ya nuru milioni 2.5. Mwanafalaki Mwajemi Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika mwaka 964 kuwa wingu dogo, karne nyingi kabla ya darubini kubuniwa.

Anayetaka kuvuka majirani hao anahitaji chombo, lakini si lazima kiwe cha chuo kikuu. John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, alisaga vioo kwa mikono yake na kuviweka juu ya kitako cha mbao kinachozunguka. Tangu hapo darubini za mtindo wake zimeenea duniani. Kioo cha sentimita 20 hukusanya nuru mara 800 zaidi ya mboni ya jicho iliyopanuka gizani. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen wamekuwa wakibeba darubini hadi shule za vijijini, watoto wapange mstari na kutazama wenyewe. Natamani sana kuiona foleni ya namna hiyo kando ya maporomoko ya Wagenya.

Anayetazama mara ya kwanza aambiwe ukweli: hataona rangi zile za picha. Galaksi hafifu huonekana kama pumzi iliyoachwa juu ya kioo, kijivu tupu, kwa sababu seli za jicho zinazotambua rangi hazifanyi kazi katika nuru ndogo kiasi hicho. Zinazofanya kazi ni nyingine, na katikati kabisa ya jicho hazipo. Kwa hiyo anayekodoa macho moja kwa moja huipoteza galaksi, na anayetazama pembeni kidogo huipata. Kabla ya hapo akae gizani dakika 20 au 30, simu ikae mfukoni, na taa ya kusomea ramani iwe nyekundu.

Adui mkubwa Kisangani ni maji ya hewani. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ingawa Januari na Februari hupungua, na hata usiku mweupe umande hutanda juu ya lenzi. Bomba la katoni lililorefushwa mbele ya darubini hupunguza tatizo hilo.

Subira hulipa. Robert Evans, mchungaji wa kanisa huko Australia, alikariri sura za mamia ya galaksi, akazipitia usiku baada ya usiku kutafuta nukta ngeni. Kwa jicho lake aligundua nyota zaidi ya 40 zilizolipuka. Mwezi Februari 1987 nyota nyingine ililipuka ndani ya Wingu Kubwa la Magellan. Jioni za Machi mwaka ule, mtu aliyesimama ukingoni mwa mto Kongo angeweza kuiona bila chombo chochote.

Halafu kuna kundi la galaksi la Mashuke, zaidi ya elfu moja, umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi. Februari, saa tisa usiku, liko karibu na utosi. Humo imo M87, ile ambayo picha ya shimo lake jeusi ilitangazwa Aprili 2019; katika darubini ndogo ni doa la mviringo lenye kitovu angavu. Upande uleule wa anga, lakini mbali kupita kundi hilo, kuna 3C 273, moyo wa galaksi unaowaka kwa nguvu ya shimo jeusi. Maarten Schmidt alipima umbali wake mwaka 1963, na nuru yake imesafiri zaidi ya miaka bilioni 2. Hupita digrii moja na nusu tu kutoka utosi wa Kisangani, mahali ambapo hewa ni nyembamba kuliko pote angani. Kioo cha sentimita 20 kinaifikia. Inafanana na nyota hafifu yoyote ile, kwa hiyo chora kwanza ramani ya nyota zinazoizunguka, kisha zihesabu moja moja hadi uifikie.