MZEE AKISAHAU: NANI ANAMSAIDIA ANAYEMTUNZA?



Tuliwahi kuita semina ya siku moja kuhusu wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Tulileta ubao, chai na mikate. Wakaja wenyeviti na makatibu, lakini mabinti na wakaza wana wanaowatunza wazee hao hawakuonekana. Tulipokwenda kuuliza, mama mmoja alitujibu, "Nikija huko, nani atabaki naye?" Kosa lilikuwa letu.

Madaktari wanauita ugonjwa huu dimenshia. Ubongo unaharibika polepole, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanao, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Mzee anaanza kwa kuuliza jambo lile lile mara tano. Baadaye anapotea njia ya shambani aliyoipita tangu utotoni, anamshuku mkwe kuwa ameiba hela, usiku halali.

Huo si uchawi. Jambo hili tusilipitie juu juu. Jirani zetu wa Kilifi wamezika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na kule Ganze kuna Kaya Godoma wanakokimbilia walionusurika. Bibi anayeongea peke yake usiku, au anayekutwa uani kwa watu asijue amefikaje, ni rahisi sana kunyooshewa kidole.

Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili tu, hiyo huenda ikawa malaria, maambukizi ya mkojo au kukosa maji mwilini. Msisubiri. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa, nyumbani inakuwaje? Tuchukue mfano wa mzee wa Kiorma anayeamka alfajiri kutafuta ng'ombe waliokufa katika ukame wa 2022. Ukimwambia "walikufa," anasikia msiba huo upya kila asubuhi. Afadhali umuulize yule dume mkubwa alikuwa wa rangi gani. Ataeleza, atakunywa chai, atatulia. Au mzee aliyehamia skimu ya Bura miaka ya 1980, jua likizama anafunga mzigo eti anarudi kwao. Usishindane naye, tembea naye kidogo, kisha mrudi mle. Na anayeishi karibu na Mto Tana asiachwe atoke peke yake, mamba mnawajua. Tumeona wengine wanamfunga mzee kamba mguuni. Hatusemi ni watu wabaya, wamechoka tu, ila kamba inamzidishia hofu na vidonda.

Anayechoka ni nani? Mara nyingi ni mwanamke mmoja, na pengine msichana aliyeachishwa shule. Huko Marekani, familia nyingi zenye asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko nazo huwatunza wazee nyumbani, na huona aibu kumwachia mgeni kazi hiyo. Waliofaulu kuwasaidia walituma akina mama wa mtaa ule ule, wenye lugha ile ile, wakaingia nyumba kwa nyumba. Sisi tulileta ubao!

Basi, vikundi vyetu tayari vina zamu ya fedha. Kwa nini tusiweke na zamu ya saa? Wanakikundi wanne, kila mmoja alasiri moja kwa juma, anakaa na mzee huku mtunzaji akilala, akienda sokoni, au akihudhuria mkutano wenyewe. Anayekwenda awe anajua lugha ya mzee, Kipokomo, Kiorma au nyingine, kwa sababu Kiswahili kinaweza kumtoka kabla ya lugha ya mama. Nyimbo za kanisani na dua za msikitini nazo hukaa sana kichwani, mwimbie.

Tena, mpango wa Inua Jamii unawalipa wazee walioandikishwa wa miaka 70 na zaidi KSh 2,000 kwa mwezi. Ulizeni kwa chifu jinsi ya kumwandikisha mtunzaji mapema, kabla mzee hajasahau namba yake ya siri.

Kila kikundi kiandike majina ya watunzaji wa kijiji chake, siyo ya wagonjwa, kimpe katekista au imamu. Safari hii tutakuja sisi nyumbani.