Watu 200 Wameona Status, Nani Amenunua?

Boom likiingia tu, simu zetu zinageuka maduka. Wiki hiyohiyo utaona status za madera, manukato, raba za mtumba, keki, karanga, mpaka kopi za mitihani ya miaka iliyopita. Muhula ukifika katikati, nyingi zimesharudi kwenye nyimbo na salamu za kuzaliwa. Mwenzangu wa chumba anauza madera tangu mwaka wa kwanza na bado yupo sokoni. Mimi ndiye ninayemshikia daftari, kwa hiyo haya ninayoandika sijasimuliwa. Kuposti ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Biashara za chumbani zinafia kwenye mambo ambayo mteja hayaoni.

Tuanze na hela. Dera analichukua Kariakoo kwa 12,000 na kuliuza 18,000. Mgeni wa kazi hii atakwambia faida ni 6,000, atazidisha kwa madera 20 apate 120,000, na hapohapo ameshaipangia matumizi. Daftari linasema vingine. Mzigo wa madera 20 ni 240,000. Katika hayo, matatu hayatoki: rangi haikupendwa, au kitambaa kinaonyesha. Yale 17 yaliyouzwa yanaleta 306,000. Toa mtaji, inabaki 66,000. Bado hujagusa nauli ya kwenda na kurudi na mzigo 5,000, bando la mwezi 15,000, mifuko 3,000, makato ya kutoa hela kwenye simu 7,000, na boda mbili zilizokwenda kwa wateja waliozima simu, 6,000. Hizo ni 36,000. Mkononi inabaki 30,000, pamoja na madera matatu kwenye begi chini ya kitanda.

Halafu wanakuja wa "nitakupa boom likitoka". Wakikopa wawili tu, 36,000 imeondoka, na ile 30,000 imegeuka pengo la 6,000. Unaweza kuwa na faida kwenye karatasi na ukalala na chai kavu. Ndiyo maana mwenzangu hakopeshi, hata sisi wa darasa lake (tunamsema sana, lakini hakopeshi). Hela ya mzigo anaiweka kwenye laini nyingine ya simu, na ya chipsi haitoki humo. Nadhani hilo limemsaidia kuliko mbinu zote za kutafuta wafuasi. Na kama mtaji wako ni boom, kumbuka unachezea hela ya kula, tena ya mkopo utakaoulipa Bodi ukishaajiriwa. Anza na madera matano.

Kuaminiwa ni kugumu zaidi. Nchi hii nani hajapokea ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii"? Mnunuzi wetu anaingia mtandaoni akiwa ameshashika mfuko wake. Hatumi hela kwa mtu asiyemjua. Anataka alione dera, alishike, ndipo alipe. Ni haki yake. Ila malipo ya namna hiyo yanamwachia muuzaji hasara yote: boda ameshalipwa, mteja anasema "sikujua ni jepesi hivi", dera linarudi.

Mwenzangu anapiga picha mwenyewe, asubuhi, karibu na dirisha, dera likiwa limevaliwa, na picha moja ya karibu ya kitambaa. Haokoti picha za watu mtandaoni. Anaandika urefu kwa inchi, na bei anaiweka palepale. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" sijui nani aliianzisha. Mteja akiuliza bei na kusubiri saa tatu, ameshanunua kwingine. Mteja wa nje ya chuo analipa hela ya boda kwanza, dera baadaye. Asiyetaka kutuma 3,000 ya boda mara nyingi hata dera asingelichukua. Wa mikoani wanalipa yote kabla, na jioni ileile wanatumiwa picha ya risiti ya mzigo na jina la basi. Wengi wao ni dada na mashangazi wa wateja wa hapa chuoni, kwa hiyo wanalipa wakijua wa kumuuliza.

Hapo ndipo watu wanapoielewa vibaya WhatsApp. Kwa kawaida status inaonwa na mtu uliyemhifadhi namba naye amekuhifadhi yako, na baada ya saa 24 imefutika. Aliyenunua akaondoka bila kuhifadhi namba yako, umempoteza. Mwenzangu akikabidhi dera anasubiri kidogo: "Nisevu hapohapo, andika Madera." Anatumia WhatsApp Business, ambayo ni bure na ina katalogi ya kuweka picha na bei zisizofutika kesho yake.

Kuna wanaoamini kinachokosekana ni mtaji mkubwa. Jumia iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka huohuo ikafunga shughuli zake Tanzania. Sisemi niliwahi kuona vitabu vyao. Najua tu kwamba kupeleka mfuko mmoja hadi mlangoni kwa mtu ambaye anwani yake ni "nyuma ya msikiti, geti la bluu, ukifika nipigie" ni kazi ghali kwa yeyote. Mwanafunzi ana nafuu ambayo kampuni haina: wateja wake wanalala bweni la jirani. Anapeleka kwa miguu akitoka lekcha, na dera likibana, linabadilishwa usiku uleule. Kwa hiyo wafuasi elfu moja waliotawanyika nchi nzima mimi siwahesabu. Nahesabu walionunua mara ya pili.

Kuhusu sheria, kwa kifupi: soma masharti ya bweni lako kabla hujajaza chumba mizigo, na ukianza kukua nenda TRA ukachukue TIN, hawatozi kitu. Pia chunga unachoahidi kwa meseji. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

Kinachobaki ni kalenda, na hii haifundishwi na wale wanaouza kozi za utajiri wa mtandaoni. Soko la chuo lina misimu kama mahindi. Wiki mbili baada ya boom unauza chochote. Wiki za mitihani huuzi hata leso. Sisi wa elimu tuna jingine, mafunzo ya ualimu kwa vitendo: unapangiwa shule ya mbali, na wateja wako wote wametawanyika siku moja. Mwaka jana mwenzangu aliacha kuagiza mapema, yaliyobaki akayatoa kwa bei aliyonunulia, akaenda kufundisha akiwa na hela badala ya begi la nguo. Walimu wa shule aliyopangiwa walipoulizia, aliagiza matano kwa basi. Yaliisha, na hakuagiza mengine mpaka tulipofungua chuo.