Mche mrefu wa nyanya si mche mkubwa

NILIDHANI nimefanikiwa. Siku ya 15 tangu nisie mbegu, kitalu changu cha nyanya nyuma ya nyumba kilikuwa kimepanda juu kuliko vya majirani wote. Miche ilikuwa mirefu, rangi yake kijani kilichofifia, yote imeinamia upande mmoja kana kwamba inachungulia kitu. Usiku huo ikanyesha mvua ya kawaida tu. Asubuhi nikakuta imelala chini, mashina yamekunjika kama uzi uliolowa.

Majirani walinipa pole. Mzee mmoja hakunipa pole, aliniuliza swali: "Kitalu umekiweka wapi?" Nilikuwa nimekiweka chini ya migomba, karibu na ukuta, ili mbuzi wasikifikie. Mbuzi kweli hawakukifikia. Jua nalo halikukifikia.

Kwa mtu aliyerejea nyumbani, pakiti moja ya mbegu si jambo la mchezo. Tangu mpango wa kurejea kwa hiari ulipoanza Septemba 2017, familia nyingi za Warundi zimetoka katika kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, na kuanza upya kwenye mashamba waliyoyaacha miaka mingi. Fedha ya kuanzia ni kidogo na msimu haumsubiri mtu. Miche ikiharibika, wiki tatu zimepotea, na bei nzuri ya nyanya imeshapita ukiwa bado unatafuta mbegu nyingine.

Mche unaorefuka hivyo haukui, unatafuta mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis waliliona jambo hili walipofunika ncha za miche michanga na kukuta haipindi tena kuelekea kwenye mwanga. Wakaliandika katika kitabu chao cha mwaka 1880. Baadaye, mwaka 1928, Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba kuna kemikali inayotoka kwenye ncha na kulifanya shina lirefuke. Palipo na giza mche hutumia akiba yake yote kurefusha shina, haujengi unene wala mizizi. Ni sawa na mtu anayeuza jembe apate nauli.

Kosa la kwanza huwa kwenye nyasi za kufunikia. Tunafundishwa kutandaza nyasi juu ya kitalu ili udongo usikauke, na ni sahihi. Lakini mbegu za nyanya huchipua kati ya siku ya 5 na ya 10, na mche wa kwanza ukishaonekana nyasi hizo ziondolewe siku hiyo hiyo, jioni. Ukichelewa siku mbili tu, miche itakuwa imeshajipenyeza juu kwa mashina meupe, na shina lililorefuka halirudi nyuma.

Baada ya hapo wengi hujenga kijipaa cha nyasi kuzuia jua kali na matone makubwa ya mvua. Kiwe na kimo cha mita moja hivi, nacho kipunguzwe kidogo kidogo kila baada ya siku chache, hadi wiki ya mwisho miche ikae wazi kabisa. Wakati wa mvua, mawingu yenyewe ni kivuli tosha. Kijipaa kizito juu yake ni kuongeza giza juu ya giza.

Msongamano nao ni kivuli. Mwenye pakiti moja hupenda kumwaga mbegu zote kwenye tuta dogo, halafu anaona uchungu kung'oa hata mche mmoja. Ng'oa. Sia kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 10 hadi 15, kisha miche ikiwa na majani mawili halisi ipunguze ibaki sentimita 3 hadi 5 kati ya mmoja na mwingine. Mche hutambua jirani yake kwa mwanga unaoakisiwa na majani yake, nao huanza kushindana kwa urefu hata kabla haujafunikwa. Isitoshe, msongamano pamoja na maji mengi hukaribisha kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina pale linapotoka ardhini. Urea pia haina kazi kitaluni. Huongeza urefu na ulaini tu.

Kuna jambo jingine nililicheka nilipolisikia mara ya kwanza. Miche ikiwa mikavu, pitisha mkono au kijiti juu ya vichwa vyake taratibu, mara kadhaa kila siku. Mche unaotikiswa hubaki mfupi na shina lake huwa gumu, kama ulioota penye upepo. Sikucheka tena.

Sasa wewe mfanyabiashara unayenunua miche sokoni, Manyovu au kwingineko, usivutiwe na urefu. Mche wa wiki tatu hadi nne, wenye kimo cha sentimita 15 hivi, shina lililokaribia unene wa penseli na majani yaliyokaribiana, ndio wa kulipia. Ukishikwa chini na ukainama wenyewe, mwachie mwenyewe. Kumbuka pia kwamba mmea hai unaovuka mpaka huhitaji cheti cha afya ya mimea. Kuuliza kabla ya kununua ni rahisi kuliko kuacha mzigo kizuizini.

Na aliyekwisha kuharibikiwa? Kwa nyanya bado kuna njia, maana shina lake huota mizizi likifukiwa. Toa majani ya chini, kisha fukia shina hadi karibu na majani yaliyobaki. Kama udongo wa chini unatuama maji, usichimbe sana. Tengeneza kifereji kifupi, laza shina humo, acha ncha tu ichomoze. Pilipili na kabichi hazisaidiki hivyo kwa urahisi. Panda jioni, mwagilia papo hapo, na usiogope ukiona ncha imelala siku ya kwanza. Ikipata mwanga itajiinua yenyewe.