Mbwa wa Kituoni na Nyumba Inayomngoja

Anayekwenda kuchukua mbwa kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa huanza kwa kuitazama nyumba yake, ndipo amtazame mbwa. Katika eneo la Gashoho, magharibi mwa Muyinga nchini Burundi, nyumba hiyo mara nyingi ni rugo la mkulima: ua wenye mbuzi wachache na kuku, watoto wengi, migomba hadi karibu na mlango, na watu wazima wanaotoka alfajiri kwenda kulima. Mbwa wa hapo kwa kawaida hutoka kwa jirani ambaye mbwa wake jike amezaa. Awe wa jirani au wa kituo, yanayopaswa kupimwa ni yale yale.

Kazi ya kumtafutia mtu mbwa anayemfaa hufanywa kwa uangalifu wa kuigwa huko Gulu, kaskazini mwa Uganda. Shirika la The Big Fix Uganda huokoa mbwa waliotupwa, huwatibu, huwachanja na kuwahasi, kisha huwakabidhi kwa watu waliojeruhiwa rohoni na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army (LRA). Mradi huo wa kukabidhi mbwa ulianzishwa na Francis Okello Oloya, aliyepofuka akiwa na miaka 12 kwa mlipuko wa bomu lililosalia ardhini. Alipokuwa shule ya bweni, mbwa walimsindikiza chooni usiku, na hapo ndipo alipoujua wema wao. Katika mradi wake mtu na mbwa hufunzwa pamoja, kwa sababu mapenzi peke yake hayatoshi kumtunza mnyama.

Jambo la kwanza kupimwa ni muda. Mtoto wa mbwa huhitaji chakula mara tatu au nne kwa siku na mtu wa kumzoeza, na miezi yake mitatu ya mwanzo ndiyo humfundisha kutowaogopa watu, mbuzi na kelele. Nyumba inayobaki tupu kutwa nzima haimfai. Mbwa mzima wa miaka miwili au mitatu hufaa zaidi: tabia yake imeshatulia, na wahudumu wa kituo wanaweza kueleza kama anafukuza kuku au anawavumilia watoto. Mbwa wazee huachwa nyuma mara nyingi, na hilo linasikitisha, kwani ndio wenzi wazuri wa bibi na babu wanaokaa nyumbani.

Chakula nacho kina uzito wake. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13, na mwenye mwili mkubwa hula sana. Wengi huvutiwa na mbwa wa Kijerumani kwa sura yake ya kutisha, lakini nyumba yenye mabaki machache ya ugali na maharage humdhoofisha. Mbwa wa kienyeji, yule anayedharauliwa kwa kuitwa koko, ana mwili wa wastani, amezoea hali ya hewa ya hapa na hubweka vizuri mgeni anapofika. Kwa rugo la Gashoho, huyo ndiye chaguo bora.

Familia za Kiislamu za Muyinga na Gitega zina la kuongeza. Hadithi za Mtume zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na zimesimulia mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa huwa na bakuli lake na kibanda uani, na aliyezoea kulala ndani kitandani hafai kuletwa huko, maana atateseka.

Afya haina mjadala. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mbwa huchanjwa anapofikia miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa kama daktari wa mifugo anavyoelekeza. Mtu aliyeng'atwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuhasi nako hupunguza uzururaji, na huzuia watoto wa mbwa wasio na pa kwenda.

Kituoni, mbwa aliyejikunyata pembeni huenda ni mpole anayeogopa kelele tu, na anayerukaruka huenda amechoshwa na kizimba. Afadhali kuwatembelea zaidi ya mara moja, kuwatembeza nje kwa kamba, na kuwaleta watoto wawaone. Mbwa aliyechaguliwa akishafika nyumbani, majuma ya mwanzo afungiwe uani usiku, alishwe na mtu yule yule, na akutanishwe na mbuzi akiwa ameshikwa kamba, mpaka awazoee na wao wamzoee.